Shati Lililolowa Bia

Tangu wazee wake wapeleke posa kwa Bwana Swafwan, Jaafar alitembea mjini Lamu kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Bwana Swafwan, fundi wa milango ya nakshi na baba yake Razan, binti aliyeposwa, hakukubali wala hakukataa. Alisema tu kwamba vijana wanaotembeza wageni anawajua, mchana historia, jioni chupa, na kwamba huyu atamtazama kwanza. Jaafar hajapata kuionja pombe. Lakini hilo utalithibitishaje? Hakuna anayetembea na cheti cha kutokunywa.

Siku hiyo wageni wake walikuwa Hudson, mwalimu wa Kakamega, na mkewe Valary. Walikuwa wameendesha gari kutoka kwao hadi Mokowe, wakaliacha hapo na kuvuka bahari. Asubuhi aliwapeleka Matondoni kutazama vyombo vya baharini vikiundwa. Hudson aliomba nyundo, akagonga misumari miwili mitatu, mafundi wakamwambia kwa adabu kwamba inatosha, chombo bado wanakihitaji. Mchana walikula samaki wa kupaka Shela. Alasiri Valary alipanda punda. Hudson naye alipotaka kupanda, mwenye punda alimtazama mnyama wake, akamtazama Hudson, akasema punda amechoka.

Jioni wakataka muziki na bia. Boti ya Taufiq, rafiki yake Jaafar, ikawavusha hadi baa moja ya Ras Kitau. Jaafar, kama desturi yake, aliketi nje gatini na soda mkononi, mahali ambapo kila apitaye na boti angeona wazi kwamba hakuingia.

Ndani rumba ilikolea. Hudson alicheza kwa raha zake zote mpaka akateleza, kifundo cha mguu kikateguka. Valary akatoka mbio.

"Jaafar, njoo unisaidie! Siwezi kumwinua peke yangu."

Akaingia. Angefanyaje? Alimwinua Hudson, ambaye hata kwa maumivu yale alikuwa hajaiachia glasi yake, na bia yote ikammwagikia Jaafar kifuani.

"Aki pole, ndugu yangu," Hudson akasema, na kweli alisikitika.

Walipokuwa wakirudi, Jaafar alijinusa. Bia tupu. Kila usiku baada ya isha Bwana Swafwan hupunga upepo kwenye gati kuu. Taufiq, aliyeijua habari yote ya posa, akamnong'oneza, "Tushukie kule mwisho wa mji. Hakuna mtu."

Jaafar alitamani kukubali, wallahi alitamani. Lakini kutoka kule hadi hospitali ni mwendo mrefu, na Hudson alikuwa akiuma meno ili asilie mbele ya mkewe.

"Twende gati kuu," akasema, huku akiona Razan anamponyoka.

Bwana Swafwan alikuwapo. Aliwasogelea walipopanda ngazi, akasimama mbele ya Jaafar.

"Mbona wanuka tembo?"

"Ni bia ya mgeni, Bwana. Ameumia, niliingia kumtoa, ikanimwagikia. Mimi sikunwa."

"Na kule mwisho hukuona pa kushukia?"

"Nilipaona. Lakini ni mbali, na mguu wake umevimba."

 Mzee alikunja mikono ya kanzu yake, akaushika mkono wa pili wa Hudson na kuuzungusha shingoni mwake mwenyewe, jasho na bia na vyote. Wakaingia mjini hivyo, watatu sambamba katika kichochoro, Valary nyuma yao na viatu vya mumewe. Wazee waliokuwa barazani wakakatiza mazungumzo.

"Swafwan!" mmoja akaita. "Ni nani hao?"

"Huyu ni mgeni wetu," Bwana Swafwan akajibu, sauti ikasikika barabara hadi dirisha la mwisho. "Na huyu ni mkwe wangu."

Jaafar akasimama papo hapo, machozi yakimlenga.

"Tembea, mwanangu," mzee akamwambia. "Mtu anaumwa."