Dakika Tatu za Daktari

Jumatatu saa tatu asubuhi, muuguzi aliyebandikwa jina la Sindano alimvisha mtoto wa miaka minne barakoa ya oksijeni, akaingiza taarifa kwenye programu mpya ya simu: pumu, kifua kinapiga mluzi, homa. Programu ikajibu papo hapo kwamba daktari yuko njiani, atafika baada ya dakika tatu.

Alhamisi zilikuwa bado dakika tatu.

Chumba cha dharura cha watoto kilikuwa kimeitii programu. Saa ya ukutani haikusogea, tone la dripu lilining'inia bila kudondoka, na homa haikupanda wala kushuka. Chai ya bibi wa mtoto ilikuwa ya moto vilevile. Kila akiionja, anaungua ulimi.

Mkurugenzi alipita na wageni. "Tangu tuanze kutumia programu hii, hakuna mtoto aliyezidiwa," alisema. Kwamba hakuna aliyepona, na kwamba daktari ni mmoja kwa hospitali tano, hakuwasumbua nalo.

"Nesi mwanangu," bibi alisema, "subira yavuta heri, lakini hii sasa inavuta mjukuu wangu."

"Nikiizima simu, bibi, siku nne zitamrudia kwa mpigo. Anaweza kunifia mikononi."

"Na usipoizima?"

Dawa ya mvuke haikuruhusiwa mpaka daktari abonyeze "Kubali". Sindano aliiandaa hivyo hivyo, roho mkononi, akazima simu.

Tone likadondoka. Mtoto akakohoa kikohozi cha siku nne, midomo ikabadilika rangi. Sindano akamshikia mvuke puani, akihesabu pumzi kwa sauti, akikosea, akianza upya. Mluzi ukapungua, ukaisha. Mtoto akala mkate wa bibi, kisha wa Sindano, akauliza kama kuna mwingine.

Ijumaa mkurugenzi aliamuru simu iwashwe. Ujumbe wa kwanza ulimhusu Sindano: amekiuka utaratibu, asubiri hapo hapo kamati ya nidhamu, itafika baada ya dakika tatu. Akavuta kiti, akamimina chai.

"Tatu?" bibi aliuliza, akimfunga mjukuu viatu waende nyumbani.

"Tatu, bibi."

"Ala! Basi utastaafu hawajafika."

Wakati huo mtoto mwingine aliingizwa, kifua kikipiga mluzi, na simu ikasema daktari yuko njiani. Sindano akaiacha chai mezani, ikiwa ya moto, akaenda kunawa mikono.