Damu ya Kidosho

Gari la watafiti lilikuwa likija kumchukua mdogo wangu mpaka mlangoni. Mlangoni kabisa, na dereva anashuka kumfungulia! Mimi, dada mtu, niliyekuwa nikimpepea mama kila alipozimia, naachiwa vumbi na vikombe vya kuosha.

Ugonjwa wa mama ulikuwa wa moyo, wa kurithi. Mvua ilianza, akakimbilia nguo kwenye kamba, akaanguka, hakuamka tena. Mjomba naye alianguka uwanjani, mpira ukiwa mguuni. Ndipo watafiti wa jeni walipotujia na sindano zao, wakagundua kwamba mdogo wangu, tunayemwita Kidosho, ana hitilafu ile ile ya mama, lakini moyo wake unadunda sawasawa. Kumbe ana jeni nyingine, adimu, inayoizima ile mbovu. Wakiielewa vizuri, huenda wakatengeneza dawa.

Basi! Kidosho kapigwa picha, Kidosho kahojiwa. Wageni wanajaa sebuleni, na profesa, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, anamshika mkono kama ameshika yai.

"Damu hii ni hazina," anasema. Kisha ananigeukia mimi niliyesimama na birika. "Na wewe dada, mbona hujapima?"

"Sina nafasi, nina nguo za wateja."

Kweli mimi fundi cherehani, lakini nafasi nilikuwa nayo tele. Niliogopa ugonjwa wa mama, sikatai. Ila niliogopa zaidi kuambiwa mimi ni mtu wa hivi hivi tu.

Roho iliniuma mpaka siku moja nikamshonea mteja mkono wa kushoto upande wa kulia. Nikasema potelea mbali, nikaenda kutoa damu. Tumbo moja, baba mmoja, kwa nini awe nayo yeye nisiwe nayo mimi?

Pale kituoni kila mtu huambiwa majibu yake chumbani, mlango umefungwa, yeye na mshauri. Kidosho alitangulia kuingia na binti yake mdogo, maana naye alikuwa amepimwa. Walipotoka, Kidosho alikuwa kainamia simu, hataki kuniangalia. Nikajua tu keshasifiwa tena, sasa anajifanya hana makuu.

Nikaingia mimi.

"Hongera," mshauri akasema. "Hitilafu ya mama yako huna."

"Na ile nyingine? Ile ya Kidosho?"

"Hiyo pia huna. Wala huihitaji."

"Kwa hiyo hamna kazi na mimi?"

Akacheka kidogo. "Hatuna. Nenda zako ukaishi."

Mtu nimepewa uhai wangu mkononi, nami natoka nimenuna kama mtoto aliyenyimwa peremende! Kidosho alikuwa benchini. Binti yake alikuwa mwisho wa korido, kaganda mbele ya tangi la samaki.

"Wamekuambiaje, dada?"

"Sina kitu. Si ugonjwa, si hazina. Haya furahi, gari ni lako peke yako."

Hakucheka. Alinishika mkono kwa nguvu.

"Huna? Kweli kabisa huna?" Machozi yakamlengalenga. "Nilijua tu. Dada, nimekuonea wivu mpaka naona haya."

"Wewe? Unionee wivu mimi?"

"Mwanangu kachukua ile ya mama. Ile inayoizima hakuichukua. Wanasema kila moja inarithiwa kivyake." Akamtupia mtoto jicho. "Zote mbili ninazo mimi, nimempa mbovu tu."

"Si kuna dawa?"

"Ya kutuliza moyo, ndiyo, ataanza leo. Ya kuizima bado wanaitafuta humu," akajigonga mshipa wa mkono. "Chukua wewe gari, dada. Chukua picha, mchukue na profesa na miwani yake. Mwanangu angepata hiyo damu yako ya hivi hivi, mimi ningetaka nini tena?"

Nje dereva akapiga honi. Mtoto akaisikia, akaacha samaki wake, akaanza kutujia mbio, viatu vinalia kwenye sakafu.

"Usikimbie!" tukapiga kelele sote wawili kwa pamoja.

Akasimama katikati ya korido, akatutazama, mdomo ukaanza kumcheza.

"Mama," akasema, "nimekosa nini?"