Magoti ya Eyram

Eyram alikuwa na miaka mitatu siku mimi na baba yake tulipokubaliana kwamba akifikia mstari ataenda kwa bibi yake. Mstari wenyewe uko kwenye kituo cha treni ya chini ya ardhi, karibu na kwetu. Umepakwa rangi nyekundu kwenye nguzo iliyo kando ya geti, mita moja na sentimita ishirini kutoka sakafuni. Mtoto aliye chini yake anapita bure. Akiufikia, anakatiwa tiketi kama mtu mwingine. Siku hiyo kichwa chake kilikuwa mbali sana na ile rangi nyekundu, na Mawunyo, mume wangu, akacheka.

"Huyu bado ni mzigo wa mkononi," alisema. "Siku atakapohitaji tiketi yake mwenyewe, tunampandisha ndege aende Ghana akasome."

Nami nikacheka. Nguzo ilionekana ndefu.

Haukuwa utani mtupu. Watoto wa wenzetu wengi hapa Guangzhou huondoka hivyo. Wakimaliza chekechea, shule za serikali zinataka karatasi ambazo hatuna, na shule za wageni ni za watoto wa wakubwa wa makampuni. Basi mtoto anafungiwa sanduku, anasindikizwa na yeyote anayesafiri, na kuanzia hapo mama yake anamwona kwenye simu. Kanisani kwetu wapo akina mama wanne wa namna hiyo. Jumapili baada ya ibada wanaonyeshana picha, na kila mmoja anasema wa mwenzake amekua.

Mwaka ambao Eyram angetimiza sita, mvua za Machi zilikuja na ule unyevu wake, kuta zikawa zinatoka jasho na nguo hazikauki. Nilivuta mashine ya kufulia nipanguse ukuta wa nyuma. Nikakuta pakiti za maziwa, zile ndogo za mrija, ambazo nilikuwa nikimpa kila jioni. Zilikuwa kumi na nne, zimepangwa vizuri, na baadhi zimevimba.

"Eyram, njoo. Hivi ni vitu gani?"

Akachungulia. "Maziwa."

"Naona ni maziwa. Yanafanya nini huku?"

"Yamekaa."

"Tumbo linakuuma ukinywa?"

"Hapana."

"Basi niambie, mama. Sikugombezi."

Akanitazama kwanza kuona kama ni kweli sigombezi. "Shangazi Luo wa chini amesema maziwa yanarefusha. Na mayai." Akaweka vidole viwili karibu karibu mbele ya uso wangu. "Imebaki hivi tu."

"Imebaki nini?"

"Mstari. Baba alimwambia Mjomba Selorm kwenye simu. Ulikuwa unamsuka yule dada mwenye nywele ngumu."

Akanishika mkono akanipeleka chumbani, akafunga mlango. Nyuma yake, chini, alikuwa amechora kwa krayoni mistari mitano, mmoja juu ya mwingine. Alikuwa akijipima peke yake, kwa kitabu kichwani, kama alivyoona tunavyofanya.

Nilizimwaga zile pakiti moja moja kwenye sinki. Ilinipasa kumwambia baba yake siku hiyo hiyo. Sikumwambia. Nilijua angesema mtoto amesikia ya wakubwa, atazoea. Badala yake nilianza kumtazama Eyram tukipita kituoni, na nikaona kile ambacho sijui kwa nini sikukiona mapema. Tukifika kwenye nguzo, alikuwa anakunja magoti. Kidogo tu, mgongo ukiwa umenyooka, macho mbele, mpaka kichwa kinaingia chini ya rangi nyekundu. Mlinzi anapunga mkono, tunapita, magoti yananyooka tena.

Wiki ile nikamshonea sketi ndefu zaidi. Nilijiambia ni kwa ajili ya baridi.

Shangazi Luo anakaa ghorofa ya chini yetu na ndiye anayefagia ngazi za jengo zima. Ni mtu wa mkoa wa Hunan, mfupi, mwenye sauti ya kuita watu sokoni. Anamlea Haohao, mtoto wa binti yake, na kwa vile Haohao na Eyram walizaliwa mwaka mmoja, wangu amekulia nusu kwake. Shangazi humwita Eyram Tangtang, yaani Sukari. Nilimkuta ngazini na fagio lake nikamweleza habari ya maziwa, kwa Kichina changu cha darasa la jioni, ambacho hukwama nikiwa na huzuni.

Hakucheka. Akaegemeza fagio ukutani.

"Mimi nilimwacha mwanangu wa kiume kijijini akiwa na miaka minne," alisema. "Nikaja kushona viatu kiwandani. Mama yangu akamlea vizuri, siwezi kusema hakumlea. Sasa ana miaka thelathini na miwili. Mwaka mpya hunipigia. Ananiuliza, umekula? Namwambia nimekula, wewe umekula? Ananiambia nimekula. Basi, tunakata simu."

"Mna ugomvi?"

"Ugomvi wa nini? Ni mtoto mzuri, hana ubaya. Hatuna tu la kusema." Akachukua fagio, akafagia ngazi ile ile aliyokwisha kuifagia. "Huyu wa binti yangu nilikataa. Septemba anaingia shule ile ya uchochoroni, nyuma ya soko la mboga. Ya watoto wa wafanyakazi waliotoka mikoani. Wanachukua na wasio na karatasi za mji. Kamuulize mwalimu mkuu."

"Mtoto wa Kiafrika watamchukua?"

"Mimi nitajuaje? Miaka miwili unasoma jioni, mdomo unao. Au unasomea kuninunulia vitunguu?"

Jioni nilipika akple, ugali wa kwetu, na mchuzi wa bamia, chakula ambacho Mawunyo akikikuta mezani anajua kuna jambo. Yeye husimamia upakiaji wa kontena za vigae, hurudi na vumbi jeupe masikioni. Alikula yote, kisha akanawa.

"Sema, Mama Eyram. Bamia imekwisha."

Nikamwambia habari ya shule. Ya maziwa nikaimeza.

"Ile iliyo juu ya karakana ya pikipiki? Ina kiwanja?"

"Ina walimu."

"Juzi nimemsalimu mtoto kwa Kiewe chetu, kanijibu Kichina. Mgongo kanipa kabisa, anaendelea na katuni zake. Sikulaumu wewe. Lakini nikimwacha hapa miaka mingine sita, nitampeleka kwetu Kpando kama mtalii." Alisema polepole, bila hasira, na ndiyo maana iliniuma, kwa sababu si uongo. "Mimi nililelewa na bibi. Kuna kasoro gani kwangu?"

Nikakusanya sahani. Kasoro haipo. Ila mpaka leo yeye humwita mama yake mzazi Dada Yawa, kama walivyokuwa wakimwita wote katika nyumba ya yule bibi. Dada Yawa alikuwa akiuza vitenge kati ya Lomé na Accra, akija kwa mwanawe Krismasi na Pasaka. Sasa magoti yamechoka, ameacha biashara, na ni yeye aliyekuwa akimngoja Eyram. Alinunua kitanda kidogo, akakipaka rangi ya samawati, akatutumia picha. Kwenye mto kulikuwa na mwanasesere.

"Enyonam wa kanisani anasafiri mwezi wa nane, atamsindikiza," Mawunyo alisema. "Wiki ijayo tukate tiketi."

Jumapili iliyofuata tulienda kanisani watatu pamoja, jambo ambalo ni nadra, kwani yeye kwa kawaida hutokea bohari na kutukuta huko. Eyram alivaa ile sketi ndefu. Njia nzima alimshika baba yake kidole akimsimulia kwa Kiewe, Kiewe chake cha kuvunjikavunjika, jinsi Haohao alivyomeza kifungo. Nadhani alikuwa anajitahidi.

Getini palikuwa na mlinzi mgeni, kijana mwenye sare iliyompwaya. Akanyoosha mkono kuelekea nguzoni.

"Mtoto asimame pale."

Eyram akasimama, mgongo kwenye nguzo. Mawunyo, kwa mazoea tu, akamwekea kiganja kichwani ili kuonyesha urefu. Ndipo kichwa kikashuka chini ya kiganja chake.

Niliona uso wa Mawunyo. Alitazama mkono wake mwenyewe kwanza, kana kwamba ni mkono uliosogea. Kisha akatazama chini, pindo la sketi likiwa limegusa sakafu.

"Simama vizuri, mdogo wangu," mlinzi alisema.

"Nimesimama," Eyram akajibu kwa Kichina. Mapaja yalikuwa yameanza kutetemeka.

Mawunyo akachuchumaa, watu wakitupita kushoto na kulia. "Eyram. Nyoosha magoti."

"Hayanyooki, Baba."

"Yanauma?"

"Hayaumi. Yakinyooka nitaenda."

Hakuuliza aende wapi. Alibaki amechuchumaa, kwa muda ambao mlinzi alikohoa mara mbili na treni moja ikapita chini yetu. Kisha akainuka, akaenda kwenye mashine, akarudi na tiketi tatu, vile vidude vya plastiki vya mviringo. Kimoja akamwekea Eyram kiganjani.

Mtoto akanyoosha magoti. Akapita mstari kwa upana wa kidole kimoja. Wala hakulia kwa sauti. Machozi yalishuka tu, na ile tiketi ameikamata kwa mikono yote miwili.

"Hii inakufikisha kanisani tu," baba yake akamwambia. "Ya kurudi nyumbani nitakununulia nyingine. Umesikia? Tunarudi wote."

Kanisani Mawunyo hakuimba. Njiani kurudi aliniuliza, "Ulikuwa unajua?" Nikamwambia ndiyo, na kwamba sketi niliishona mimi. Akatikisa kichwa.

Alasiri hiyo, kwao Kpando ikiwa bado asubuhi, alimpigia mama yake. Niliketi karibu nikichambua maharagwe. Jogoo wa Dada Yawa alisikika mpaka kwangu.

"Dada Yawa, Eyram haji mwaka huu."

"Ni mgonjwa?"

"Hapana, mzima." Akamweleza yote, maziwa, krayoni nyuma ya mlango, magoti. Alieleza vibaya, akirudia rudia.

"Wewe hukukunja magoti," Dada Yawa alisema. "Ulisimama mlangoni ukanipungia mkono mpaka gari likakata kona. Nikasema, mwanangu hana shida."

"Niliambiwa nisilie."

"Nani alikuambia?"

"Bibi. Alisema ukiniona nalia utakosa biashara."

Jogoo akawika tena. Maharagwe yangu nilikuwa nimeacha kuyaona.

"Nilidhani safari hii nitapewa mtoto nimlee," mama yake akasema. Hakuwa analaumu. "Haya. Mpeni maziwa yake."

"Na kitanda?"

"Kitanda hakiozi, Mawunyo."

Baada ya simu alikaa na mikono magotini. "Mwaka mmoja," akaniambia. "Tujaribu mwaka mmoja. Na humu ndani ni Kiewe, hata wewe ukiwa unapika. Na kila Jumapili anazungumza na Dada Yawa, si kuonyeshana meno tu kwenye simu. Wazungumze."

"Sawa, Baba Eyram."

Mwezi wa sita nilienda na Eyram kwenye shule ya uchochoroni. Kweli, chini ni karakana ya pikipiki, na harufu ya mafuta inapanda mpaka madarasani. Mwalimu mkuu, Bibi Qiu, ni mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya sentensi zangu kwa wiki mbili, na nilizisema zote, hata zile ambazo hakuwa ameziuliza. Akapekua pasipoti, kibali cha kukaa, kitabu cha chanjo. Akatazama chanjo kwa muda mrefu.

"Tunao watoto wa Sichuan, wa Guizhou, wa Hunan," akasema. "Wa Ghana bado. Anakula pilipili?"

"Anakula."

"Basi wa Sichuan hawatamsumbua." Akaandika jina kwenye daftari kwa herufi za Kichina, akimtamkisha Eyram mara tatu mpaka wote wawili wakaridhika. Kisha akatoa futi kwenye droo. "Nimpime kwa ajili ya sare."

Eyram akaenda ukutani bila kuambiwa. Akageuka, akaweka mgongo, akatazama mbele. Na magoti yakakunjika.

Nikachuchumaa mbele yake kama baba yake alivyochuchumaa, nikamshika magoti yote mawili, yalikuwa ya moto.

"Hapa simama wima, mama yangu," nikamwambia kwa Kiewe. "Huyu anataka kujua nguo tu."

"Nguo tu?"

"Nguo tu."

Nikayasikia yakinyooka mikononi mwangu, moja, halafu la pili.

"Sentimita mia na ishirini na mbili," Bibi Qiu akasema, akiandika. "Mchukulie ya mia na thelathini. Atakua."

Mwaka mmoja ni mfupi. Najua, na Mawunyo anajua. Ila mwalimu hakuwa anazungumza na sisi. Alikuwa anasoma namba kwenye orodha yake ya sare, na Eyram alikuwa anamsikiliza kwa makini.

"Na hiyo ya mia na thelathini ikinibana?" akamuuliza.

"Juu yake kuna ya mia na arobaini," Bibi Qiu akamjibu, na kuita anayefuata.