Mchi Nyuma ya Pazia

Siku ya tamasha la Waperanakan, wale Wachina wenyeji wa Malaysia, ukumbi wa chama chao pale Melaka ulijaa hadi watu wakakalia ngazi. Bibik Siok Hwa, Bibik likiwa jina la heshima la mama mtu mzima, alikuwa ameshawahi kiti chake cha ujaji, blauzi yake ya kebaya ya kijani imenyooshwa pasi, pini za dhahabu zimeifunga kifuani, miguuni viatu vya shanga alivyoshona mwenyewe enzi macho yake yakiliona tundu la sindano. Hakuja kutazama mavazi wala vyungu. Alikuja kumsikiliza mtu.

Mtu mwenyewe ni Mei Fern, daktari wa meno kutoka Ipoh, ambaye Keng Boon, mwana pekee wa Siok Hwa, alitaka kumuoa. Siok Hwa hakukubali wala hakukataa. Alisema, tena kwenye matanga ya watu, mtaa mzima ukimsikia: "Aingie shindano la kutwanga pilipili. Akitwanga kama mtu, kesho yake natuma mshenga kwao. Akitwanga kama anayepigilia misumari, arudi Ipoh akang'oe meno." Neno likishatoka hadharani namna hiyo, utalirudishaje?

Shindano lenyewe lilifuata mtindo wa kale, enzi mshenga alipokuwa akisimama nyuma ya jiko la watu kusikiliza mchi kabla hajaomba kumwona binti. Washindani walikaa nyuma ya pazia la batiki, kila mmoja na kinu chake cha jiwe na namba yake, na hakuna kusema.

Jaji wa pili alikuwa Bibik Gaik Choo. Huyu alishampelekea Boon wapwa zake, mmoja baada ya mwingine, wote wakakataliwa, na alikuwa hajasamehe.

"Wako ni namba ngapi?" aliuliza, akijipepea.

"Ningejua ingekuwa shindano?"

"Lakini shoga, mtu wa kushinda kwenye midomo ya watu ataijua pilipili? Ataidunga ganzi kwanza."

Wanawake wa safu ya nyuma wakacheka. Siok Hwa naye akacheka, maana lilichekesha.

Namba moja alianza kwa vishindo. "Huyo anaua nyoka," alisema Gaik Choo, akaandika alama zake.

Namba mbili alianza polepole. Mchi ulishuka, ukashuka tena, kisha ukazungushwa kandokando ya kinu kuzikusanya pilipili zilizokimbia, halafu ukashuka. Waliokuwa wakijipepea wakaacha. Siok Hwa aliinua uso. Mwendo ule ulikuwa wake mwenyewe.

Halafu katikati mchi ukanyamaza, kitambo kidogo, ukaendelea.

Kimya kile hakuna aliyekijua nje ya nyumba yake. Tangu alipoteleza bafuni, kiwiko cha mkono kilikuwa kikimkaza, na kila akitwanga hulazimika kusimama aunyooshe. Hakumwambia mtu, wasije wakasema amezeeka. Na aliyekuwa akinywa chai jikoni kwake huku yeye akitwanga ni mmoja tu. Boon! Mwanamume mzima amejibanza nyuma ya pazia anamtwangia mchumba wake, akidhani mama yake kiziwi.

"Siok," alinong'ona Gaik Choo, safari hii bila utani. "Huu ni mkono wa nyumbani. Kama ndiye wako, mimi sina la kusema."

Angeweza kunyamaza. Mshenga angekwenda, harusi ingefungwa, kila mtu angekula akashiba. Lakini angekaa na mkwe anayejua kwamba mama wa nyumba hii anadanganyika. Akasimama.

"Simamisheni. Namba mbili ni udanganyifu. Anayetwanga ni mwanangu."

Ukumbi ulivuma. Mshereheshaji akalivuta pazia.

Kwenye kigoda namba mbili alikaa Mei Fern, mikono ya kebaya imekunjwa, jicho moja limefumba kwa pilipili. Keng Boon alikuwa mwisho wa ukumbi, kwenye meza ya vitumbua, mdomo umejaa.

"Mama," alisema alipokwisha kumeza, "mimi niko huku."

Watu walicheka, na Gaik Choo akacheka mpaka pini ya kebaya yake ikafunguka. Siok Hwa hakuwa na pa kuuweka uso. Amemwita mtoto wa watu mwongo mbele ya mtaa. Sasa nani atathubutu kwenda kwao kumposa? Akapanda jukwaani.

"Nani kakufundisha?"

"Wewe, Bibik," Mei Fern alijibu kwa sauti ndogo. "Boon alikuwa anakurekodi kwa simu ukitwanga. Mimi nasikiliza kwangu, nakufuatisha. Majirani wamenishtaki kwa mwenye nyumba."

"Na pale uliponyamaza?"

"Si ndivyo unavyofanya? Nilidhani unaiacha pilipili itoe maji. Nikasema siri yenyewe ndiyo hiyo."

Angejibu ndiyo, ni siri, na heshima yake ingebaki. Safu ya mbele yote ilikuwa imeinama kusikia.

"Mkono unaniuma," alisema. "Nilianguka bafuni. Huwa naunyoosha."

"Ulianguka lini wewe?" aliuliza Gaik Choo kutoka kitini. "Mbona hatukuambiwa?"

"Kwa sababu ya hilo swali."

Siok Hwa akamgeukia Mei Fern, akapaza sauti. "Nimekuita mwongo mbele ya watu. Mbele ya watu hawa hawa, naomba unisamehe."

"Yamekwisha, Bibik."

Akachovya kidole kinuni, akaonja, uso ukakunjamana. "Chumvi imezidi."

"Chumvi haisikiki kwenye simu."

Shindano likaendelea, vinu vyote vikaonjwa, na kwa sababu ya chumvi hiyo namba tatu alishinda, na Siok Hwa mwenyewe ndiye aliyemkatia Mei Fern alama. Aliporudi kitini akamwinamia mwenzake.

"Gaik, kesho una kazi?"

"Kazi gani?"

"Nahitaji mshenga wa kwenda Ipoh. Mtu mwenye mdomo."

Gaik Choo aliifunga pini yake taratibu, akijifanya anafikiri. "Wazazi wake ni watu wa namna gani?" aliuliza, akasogeza kiti karibu.