Ganda la Bahasha ya Tatu

Jumatano ni siku ya milango wazi katika maabara ya Harlan Ferry. Askari wa kaunti yoyote huko Arkansas, awe amevishwa beji jana au amezeeka nayo, anaingia bila miadi, anachukua namba, anakaa kwenye kiti cha plastiki na bahasha zake za maganda ya risasi mapajani. Akiitwa, maganda yanapigwa picha, kompyuta inayalinganisha na maelfu ya mengine, na kabla ya chakula cha mchana mtu anajua kama bunduki iliyoyatema imewahi kufanya uharibifu mahali pengine. Kisha anakwenda zake na maganda yake. Ukutani wamebandika karatasi yenye herufi kubwa: USHAHIDI UNAONDOKA NA ALIYEKUJA NAO.

Aliyekuwa nyuma ya kaunta ni Odessa Pruitt, mwaka wa kumi na tisa huo. Ni mwanamke mnene wa miaka hamsini na minane, miwani kwenye mnyororo, mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Askari walimwogopa kidogo na kumpenda kidogo, na yeye alitaka ibaki hivyohivyo.

Siku hiyo Kapteni Dwight Rasco wa ofisi ya sherifu wa Tallow Creek alikuwa namba saba, ila alitaka kuwa namba moja.

"Bi Odessa, mpenzi wangu wa Jumatano!"

"Mimi si mpenzi wako, Kapteni. Kaa."

"Kesho saa tatu asubuhi jopo la mashitaka linakutana. Nina mtu mahabusu."

"Kila unayemwona hapo ana mtu ndani. Kaa."

Askari waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Rasco hakukaa. Aliegemea ukuta akitafuna chingamu, mwanamume mrefu mwenye buti zinazong'aa, na asiyetaka kuhudumiwa wa mwisho hata kanisani. Kwa kuwa kila mtu alikuwa na masikio, akawasimulia kesi yake yote.

Mtu wake ni Lemuel Stroud, fundi wa matrekta, umri miaka ishirini na sita, siku arobaini sasa yuko selo. Inasemekana alimpiga risasi Hoyt Lassiter, muuza chakula cha mifugo, akiwa nyuma ya meza ya duka lake. Hakuna aliyeona. Walikuwa wamegombana wiki moja kabla kwa ajili ya mbwa, na chini ya kiti cha pikapu ya Stroud ilikutwa bastola ya milimita tisa. Dukani palikutwa ganda moja. Basi yote yakawa yanategemea ganda hilo. Likikubaliana na bastola ya fundi, kesho jopo, wale raia wanaoamua nani afikishwe mahakamani, linamshitaki kwa mauaji, na katika jimbo lile mwendesha mashitaka akitaka anaweza kuomba hata uhai wake. Lisipokubaliana, hawana kitu mkononi.

"Atakula sindano ya kifo yule," Rasco akasema, kama mtu anayezungumzia mvua.

Odessa hakupenda. Aliyemfahamu angeliona hilo kwa jinsi alivyovaa glavu zake, kidole kimoja kimoja, taratibu mno.

Saa nne na nusu namba saba ikaitwa. Rasco akaweka kwenye kaunta bahasha tatu na kisanduku chenye bastola ya Stroud. Ya kwanza ilikuwa na ganda la dukani. Ya pili na ya tatu zilikuwa na maganda ya majaribio, kila moja na lake. Jumatatu yeye mwenyewe aliipiga bastola ile mara mbili ili maganda hayo yalinganishwe na la dukani. Utaratibu uliruhusu hivyo, kuokoa muda.

Pale maabara bahasha hufunguliwa moja moja. Ya pili haiguswi mpaka ya kwanza imefungwa tena na kutiwa sahihi. Odessa akatoa ganda la dukani, akaligeuza kitako juu, akalipiga picha chini ya hadubini. Akalirudisha. Akafanya la pili vilevile. Alipofika la tatu akasita, akasogeza miwani, lakini akaendelea na kazi. Kompyuta ikaachiwa ifanye yake.

Majibu yalipotokea Rasco alikuwa ameshapinda shingo juu ya kaunta kama twiga.

"Hilo hapo! La kwanza na la tatu, juu kabisa ya orodha! Nilisema mimi! Bi Odessa, nipe karatasi yangu niende."

"Na la pili liko wapi?"

"La pili la nini tena?"

"Umeniletea maganda mawili ya bastola moja, Kapteni. La tatu limefanana na la dukani mpaka nywele zinanisimama. La pili halimo hata kwenye ishirini ya mwanzo."

"Mashine hizo nazo zina siku zake."

"Mashine ina siku zake. Mimi sina."

Akayaweka yale mawili ya majaribio chini ya hadubini kubwa ya macho mawili, moja kushoto, moja kulia. Hakuhitaji hata dakika. Kwenye kitako cha ganda la pili pini ya bastola ilikuwa imeacha kishimo cha duara. Kwenye la tatu kishimo kilikuwa kirefu kidogo, kimezungukwa na alama ya mstatili. Bunduki moja haiwezi kuacha alama zote mbili, hata uibembeleze vipi. Na ule mstatili Odessa aliujua vizuri, maana uliachwa na aina ya bastola ambayo nusu ya askari wa jimbo zima huibeba kiunoni.

Akainua kichwa.

"Kapteni, Jumatatu ulipiga risasi hizi wapi?"

"Kwetu. Kiwanja cha shabaha cha ofisi."

"Maganda yakaangukia wapi?"

"Chini. Kwani kwenu huangukia juu?"

Foleni ikacheka. Odessa hakucheka.

"Ulitandika turubai? Uliweka wavu wa kuyadaka?"

"Turubai la nini, nakwenda kulala? Nilipiga, nikainama, nikaokota mawili."

"Chini hapo palikuwa na mengine?"

"Bi Odessa, ni kiwanja cha shabaha hicho. Majani yamejaa maganda tele, unayakanyaga."

"Nani wanaopiga pale?"

"Sisi tu. Pana geti na kufuli. Sherifu hataki raia hata wa kuchungu..."

Hakumaliza. Taya lililokuwa likitafuna tangu asubuhi likasimama. Kwenye viti, askari mmoja aliyekuwa anakula mkate wenye soseji akaushusha mapajani.

Odessa hakumpa nafasi ya kupumua. Alichukua bastola ya Stroud, akaingia chumba cha tangi, akaipiga mara mbili ndani ya maji. Safari hii maganda yalinaswa wavuni, ya bastola hiyo peke yake. Akarudi nayo, akayaweka chini ya hadubini. Duara, na duara. Yalikubaliana na la pili kwa kila mkwaruzo. Na la dukani hayakuhusiana hata kwa mbali.

"Bastola ya Stroud haikumuua Lassiter," akasema, kwa sauti ya kusikika na wote. "Iliyomuua ni ile iliyotema ganda hili la tatu. Na hili la tatu umeliokota mwenyewe kwenye majani ya kiwanja chenu chenye kufuli."

Rasco akaunyoosha mkono. "Nipe bahasha zangu."

"Ya kwanza na ya pili, chukua."

"Zote tatu. Soma ukuta wako. Ushahidi unaondoka na aliyekuja nao."

Hapo alikuwa na haki, na hilo ndilo lililomuudhi Odessa. Karatasi ile aliibandika mwenyewe. Akitoka na ganda la tatu leo, saa saba mchana litakuwa mtoni, na kesho saa tatu jopo litaambiwa kulitokea hitilafu ya mitambo. Fundi atabaki selo. Akahisi hasira inampanda kutoka miguuni, akaiacha ipande.

"Hili silo ulilokuja nalo, Kapteni. Ulisema mbele ya watu hawa, ukaandika kwa mkono wako, ganda la majaribio la bastola ya Stroud. Mimi ganda kama hilo nimepata moja tu. Hili jingine limeonekana leo, mezani kwangu. Ukuta wangu hausemi lolote juu ya vitu vya kuokota kwenye majani."

"Usinichezee maneno, mama! Jumatatu utakuwa unatafuta kazi!"

"Jumatatu mbali. Leo Jumatano."

Kelele zikamtoa ofisini msimamizi wa maabara, Ellsworth Kubiak, bwana mdogo wa umbo, mpole, anayeomba radhi hata kwa mlango akiugonga. Pasipo sahihi yake, ya Odessa haina nguvu, kwani majibu hutiwa sahihi na watu wawili tofauti. Akasikiliza pande zote. Jasho likamtoka.

"Odessa," akanong'ona, "labda tumpigie sherifu wao kwanza. Kwa heshima."

"Sherifu wao anapiga shabaha wapi, bosi?"

Kubiak akatoa leso, akajipangusa shingo.

"Sikuombi uniamini. Inama uangalie. Ukiona uongo, mpe zote tatu, na mimi nitajifungashia virago vyangu mwenyewe. Ukiona kweli, tia sahihi."

Akainama. Alikaa na jicho kwenye hadubini muda mrefu mpaka Rasco akaanza kukohoa. Akageuza ganda, akageuza la pili, akarudia. Akainuka. Akachukua kalamu akatia sahihi chini ya ile ya Odessa. Halafu akaifunga bahasha ya tatu kwa utepe mwekundu, akaandika jina lake juu ya utepe, akaiingiza kwenye kabati la chuma na kuinua simu ili awapate polisi wa jimbo na wakili wa Stroud.

Rasco akamgeukia Odessa. Sauti yake sasa ilikuwa ndogo, na ajabu, haikuwa na kiburi.

"Unajua unachokifanya? Wale ni vijana wangu. Nimewafundisha kazi. Wengine nimewazikia baba zao."

"Lemuel Stroud naye ni kijana wa mtu. Siku arobaini, Kapteni. Na leo asubuhi umesimama hapo unamchomea sindano."

Akamsukumia karatasi tupu na kalamu.

"Ofisini kwenu mna bastola ngapi za kazi?"

"Kumi na nne."

"Andika namba zote, na kila moja nani anaibeba."

"Na nisipoandika?"

"Nitaandika kwamba umekataa. Kesho saa tatu nitakuwa kwenye benchi la mbele nikisubiri kuapishwa, na nitalisoma jina lako polepole, herufi kwa herufi."

Hakuna aliyesogea kwenye viti. Rasco akawaangalia askari wenzake mmoja mmoja, akitafuta wa kumwonea huruma, na kila mmoja alikuwa amegeukia mahali pengine. Akaichukua kalamu. Akaanza na bastola yake mwenyewe, namba ameihifadhi kichwani, akaiandika bila kusita. Ikafuata ya sherifu. Ikafuata ya tatu, ya nne, za watu aliokula nao mezani kwao. Aliandika haraka sasa, kama mtu anayetaka kumaliza dawa chungu kwa mkupuo.

Alipofika ya tisa, kalamu ikasimama. Namba alikuwa ameshaiandika. Jina ndilo lililokataa, la mmoja wa vijana aliowazikia baba zao. Midomo yake ikacheza, macho yakajaa maji, akamtazama Odessa kana kwamba yeye ndiye angeweza kulifuta kabla halijaandikwa.

Odessa akamwonea huruma, na hakurudi nyuma hata hatua moja.

"Andika, Kapteni," akamwambia. "Kuna mtu selo anasubiri."