Ukuta Uliofaulu Sayansi

Wilaya nzima ya Koboko hakuna darasa linaloelewa sayansi kama kidato cha pili cha Ticha Dramadri. Aliyesema hivyo ni Dramadri mwenyewe, Jumatatu asubuhi, akipangusa chaki kwenye suruali yake mpya, na hapohapo akatoa ushahidi.

"Mmea unanyonya maji kwa mi—?"

"—zizi!" likajibu darasa.

Ndivyo anavyofundisha: neno analikata nusu, wanafunzi wanalimalizia. Siku ile wengi walikuwa shambani wakipalilia, benchi za nyuma tupu, lakini sauti ilikuwa ya darasa lililojaa. Ukuta wa nyuma ulikuwa unajibu pamoja nao. Ulianza muhula uliopita, baada ya kusikia noti zilezile za somo miaka na miaka, na matamshi yake yalikuwa mazuri kuliko ya Enoch, kiranja. Mwalimu mkuu alipoambiwa, aliuliza tu kama nao utahitaji uji wa wanafunzi. Akaambiwa hauli. Akaridhika.

Shida ilitoka Arua, mjini, kwenye ofisi za elimu. Inspekta wa shule, Madam Medina, aliagiza kila mwalimu atunge swali la kupima uelewa, si kukariri. Atakayelipatia ataitwa kwenye jopo la kutunga mitihani. Dramadri akajiona tayari yuko Arua, kwenye kiti cha kuzunguka, soda mkononi. Akamuuliza Filda, anayeketi mbele, kwao kuna shida gani. Filda akasema mihogo ya mama yake inaoza ardhini, na mpaka mavuno mengine hawana kitu kingine cha kula.

Dramadri alifurahi sana. Akaandika ubaoni: mama mmoja wa Lurujo, kijiji cha kina Filda, mihogo yake inaoza, eleza sababu, umshauri la kufanya. Swali zuri kabisa, tusimwonee. Akalisoma kwa sauti. Darasa likangoja nusu ya neno la kumalizia. Ukuta nao ukangoja, ukidondosha vumbi kidogo.

Mwingine angewapeleka watoto shambani wakang'oe shina moja, wakalitazama. Dramadri aliwapa jibu: maji yametuama, achimbe mitaro yatoke. Wakaliimba wiki nzima. Ukuta ulilishika siku ileile. Filda naye alilibeba hadi nyumbani, na mama yake, ambaye hajawahi kumpinga mwalimu, akaazima jembe akachimba.

Madam Medina alifika kwa bodaboda. Swali likasomwa, darasa na ukuta wakajibu pamoja bila kukosea. Medina akaugusa ukuta kwa kiganja, akaandika kwamba unashiriki vizuri. Kisha akauliza la kwake. Kuna mama mwingine, wa Manibe. Shamba lake liko mlimani, jua limeikausha mihogo yake. Naye ashauriwe nini?

"Achimbe mitaro maji yatoke!" likajibu darasa, ukuta ukiongoza.

Medina hakucheka. Alisema shule ya Ludara wamemjibu hivyohivyo juzi, ila kule iliyoongoza ni dari. Akafunga begi lake, akamwambia Dramadri kwamba maswali ya namna hii ndiyo wanayoyatafuta, ajiandae kwa jopo.

Filda akainua mkono.

"Ticha, mama alichimba. Mihogo iko naoza tu."

Akatoa muhogo kwenye mfuko wa plastiki, akauvunja juu ya dawati. Ndani ulikuwa na mistari ya kahawia, mkavu, mgumu kama gome. Hakuna hata tone la maji.

"Kwa nini?" aliuliza.

Dramadri aliugeuza huku na huku. Hakuwahi kuutazama muhogo kwa karibu hivyo, ila ukiwa kwenye sahani. Medina, aliyekwisha kufika mlangoni, alisimama kungoja jibu.

"Swali zuri, Filda," alisema Dramadri. "Kaa chini. Muhogo huu umeoza kwa sababu ya ma—"

"—ji," ulisema ukuta, peke yake.

Filda hakukaa. Alivirudisha vipande kwenye mfuko. Ndicho chakula cha jioni.

"Ukuta imejibu, ticha," alisema. "Mimi niliuliza wewe."