Ufunguo wa Tunggul

Ndege alikuwa wangu. Nilimwona katika soko la Klewer, hapa mjini Solo, kwenye kitambaa cha kuchapwa na mashine, kimetundikwa mbele ya kibanda kama nguo ya mtoto inayoanikwa. Nilijua ni wangu kwa sababu ya kosa. Siku ya Jumanne nilikuwa nimemchora na manyoya sita kwenye bawa la kushoto na matano kwenye la kulia, nikaenda kula. Jumatano nikasahihisha. Aliyeuiba mchoro aliuchukua Jumanne, mimi nikiwa na sahani ya wali mkononi.

Sikuwa nimemwonyesha mtu yeyote, hata wanawake wanaonipakia nta kwenye vitambaa. Mchoro ule haukuwa umetoka ndani ya kompyuta yangu.

"Mzigo wa nani huu?" nikamuuliza muuzaji.

"Wa Mas Tunggul, Bu. Unakwenda kama njugu! Nikukatie mita ngapi?"

Tunggul alikuwa mume wangu miaka sita. Tulikuwa tumeachana miaka miwili kabla ya siku hiyo, na niliamini nimeshamaliza kumchukia. Alitoka Jakarta akiwa fundi wa kompyuta, na kuhusu batiki alikuwa hajui lolote wala hakutaka kujua. Kitambaa ni kitambaa, ndivyo alivyozoea kusema mezani, mbele ya mama yangu aliyekuwa ameinama juu ya nta tangu akiwa msichana. Lakini mama alipokufa, ni yeye aliyeingiza michoro ya marehemu yote sitini na mitatu kwenye kompyuta, na siku anaondoka aliniachia mashine ile akiwa na uso wa mtu anayetoa sadaka. "Nimekuwekea mfumo wa Linux, mwepesi," akasema. "Kila kitu kiko tayari. Wewe bonyeza tu." Na mimi, mjinga wa Mungu, nikamshukuru.

Nilitoka sokoni. Mchoro wangu ukichapwa na mashine kabla sijautengenezea muhuri wa shaba wa kugongea nta, basi nikitoa batiki yangu ya mkono watu watasema mimi ndiye niliyeiga. Bado mwaka mmoja wa namna ile na karakana ya mama ingekuwa ghala la matairi, na jina lake lingebaki kwenye vitambaa vya Tunggul.

Nilimwendea Kinasih, mwanamke mwembamba anayetunza kompyuta za maktaba ya chuo. Kila Jumamosi yeye na watu wake wa Linux hukaa nyuma ya kibanda cha tambi wakibishana mpaka mwenye kibanda anawazimia feni. Aliifungua mashine yangu niliyombebea pale kibandani, akaandika maneno mawili matatu, kisha akanigeuzia skrini. Ulikuwa mstari mrefu wa herufi zisizosomeka, na mwisho wake jina.

"Tunggul ni nani?"

"Takataka niliyoitupa."

"Hukuitupa mbali, mwenzangu. Huu ni ufunguo wake. Anaingia humu akiwa kwake, saa yoyote, na wewe huoni kitu."

"Ung'oe!"

"Huu naweza kuung'oa. Na mingine aliyoificha? Nyumba nzima kaijenga yeye. Utajuaje alikotoboa ukuta?" Akafyonza tambi. "Jenga yako, kwa Arch, Linux isiyokuja na kitu. Unaanzia kwenye kiwanja kitupu, hamna hata kidirisha cha kubonyeza. Unachokiweka ndicho kilichomo, basi."

"Mimi mchora batiki, Kinasih."

"Ndiyo maana nakwambia wewe. Hawa hapa," akawaonyesha wenzake kwa uma, "hawana subira hata ya kungoja chai ipoe."

Nilinunua mashine ya mtumba, na Jumapili asubuhi Kinasih akaja karakanani, akaketi kando yangu, akakalia viganja vyake viwili. Ndiyo sheria yao: anayefundisha hagusi kibodi ya mwenzake, hata nyumba iungue.

Skrini ilikuwa nyeusi. Juu kabisa, kwenye kona, kulikuwa na kimstari cheupe kinachopepesa.

"Sasa nifanye nini?"

"Sasa usome."

Nikasoma. Nikaigawa diski mwenyewe, nikachagua lugha, saa, herufi, kila kijiprogramu kwa jina lake. Mara ya kwanza nilifuta flashi niliyokuwa nikisakinishia mfumo badala ya diski. Kinasih akafumba macho kama anayesali. Mara ya pili mashine ilikataa kuwaka, ikaniandikia matusi ya kiufundi. Nilitaka kuipiga kwa muhuri wa shaba. Kila nilipokwama nilimfikiria Tunggul akifungua faili zangu huku anachokoa meno, na hasira ile ilinisukuma vizuri kuliko kahawa.

Mara ya tatu, saa tisa alasiri, ikawaka. Nikapiga kelele mpaka wapaka nta wakaacha kazi wakaja kuona. Nikajaribu kuingia mtandaoni. Hamna. Nikajaribu tena. Hamna.

Kinasih alicheka chai ikamtokea puani. "Umesahau kuweka programu ya mtandao! Yaani umejenga nyumba hujaweka mlango! Usijali, dada, kila mmoja wetu kafanya kosa hilo. Hata mimi, mbele ya mchumba. Rudisha flashi, dakika tano tu."

Nilichukua flashi. Kisha nikairudisha mezani.

"Iache hivyo."

"Iache vipi? Bila mtandao?"

"Bila mtandao." Niliitazama ile mashine. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miaka minane nina kompyuta ambayo hakuna mtu duniani anayeweza kuiingia isipokuwa kwa kupita mlangoni kwangu kwa miguu yake. Nilisikia raha tumboni. "Michoro ya mama itakaa humu."

"Na mashine ya zamani? Nikuoshee diski?"

"Hapana. Ile iendelee kuwaka pale pale. Ana ufunguo wake, si ndiyo? Mwache aingie."

Kinasih akatoa viganja chini ya mapaja. "Wuryani. Unataka kufanya nini?"

"Kumfundisha batiki."

Kwa sababu habari ilikuwa imeshafika karakanani. Bu Parmi, mpaka nta wangu mkubwa, ndiye aliyeileta: Tunggul anaoa. Msichana kutoka Bekasi, mzuri, mdogo kwangu kwa miaka kumi na sita. Na bwana harusi anajigamba kila kona kwamba yeye na mkewe watavaa kitambaa ambacho Solo haijapata kukiona. Nilijua kabisa anapanga kukitafuta wapi.

Kuna mchoro mmoja wa mama ambao watu hawakuwa wakiununua, walikuwa wakija kuuomba. Slobog. Pembetatu ndogo zinazopangana, kila moja na kitobo katikati, ili roho ipate njia pana ya kuondokea. Kwetu hufunikiwa maiti. Baba yangu alifunikwa nao, na miaka mingi baadaye mama. Huo ndio niliouchukua. Nikautoa weusi wake wote, nikaupaka rangi ya asali na dhahabu, nikazikuza pembetatu, nikamwaga yasmini juu yake. Kwa mbali ulikuwa wa harusi kuliko harusi yenyewe. Kwa karibu, mzee yeyote wa mtaani kwetu angejua anatazama nini. Nikauweka kwenye mashine ya zamani na kuuita "Harusi, usimwonyeshe mtu".

Nilimfikiria yule msichana? Nilimfikiria. Muda wa kumaliza kikombe kimoja cha chai. Nikasema, kamchagua mwenyewe.

Jumatatu saa nne na robo asubuhi aliingia. Kinasih alikuwa amenionyesha namna ya kutazama, nami nilikuwa nimeketi hapo tangu saa moja kama paka mbele ya shimo. Jina lake likatokea, saa ikatokea, kisha faili. Aliichukua moja kwa moja, hakuchagua. Alikaa humo sekunde arobaini, mwizi wa watu. Nilitabasamu mpaka mashavu yakaniuma.

Harusini sikualikwa, ila Bu Parmi alikwenda kusaidia jikoni kama ilivyo desturi, na alirudi hajanawa hata mikono yake kwa haraka ya kunisimulia. Bwana na bibi harusi walikuwa wamekaa jukwaani wanang'aa kama maandazi ya siagi. Watu wanapiga picha. Kisha akapandishwa bibi wa bi harusi, Mbah Karti, mzaliwa wa hapahapa Solo aliyehamia Bekasi akiwa ameolewa, apate kuwabariki. Akainama. Akaushika upindo wa kitambaa juu ya magoti ya mjukuu wake, akauvuta karibu na macho, akaunyoosha kwa kidole gumba. Kisha akauliza kwa sauti iliyofika kila kona ya ukumbi:

"Nani amekufa hapa?"

Wapiga muziki wa gamelani wakaacha kupiga.

"Huu ni mtindo wa kisasa, Mbah," Tunggul akasema, bado anachekea kamera.

"Mtindo wa kisasa wa kuzikia? Mmemvika mjukuu wangu sanda, nyinyi!"

Bu Parmi alinisimulia mara tatu siku ile, na mara zote tatu nilimwomba arudie pale kwenye "nani amekufa". Nilicheka mpaka nikalia. Kabla ya mwisho wa wiki mtaa wetu mzima wa Laweyan ulikuwa ukimwita Tunggul wa Sanda. Wenye vibanda walimrudishia mizigo yake, na yule ndege wangu akashushwa Klewer. Hakuna aliyetaka kitu chake harusini wala nyumbani.

Alinipigia simu. "Wewe mwanamke una roho ya kichawi! Umeniharibia maisha!"

"Mimi? Nimefanya nini, Mas?"

"Unajua ulichofanya! Ule mchoro!"

"Mchoro upi? Uliupata wapi?"

Akaanza kutukana upya, nikamkatiza.

"Sema. Uliununua kwangu? Nilikupa kwa mkono gani? Niambie, niwaambie na watu."

Akakata simu. Nililala usingizi mtamu kuliko wote wa miaka miwili, na sioni haya kuusema.

Siku ya kumi na mbili baada ya harusi, mchana, msichana alisimama mlangoni kwangu akiwa na begi begani. Nilimjua kwa picha. Selvi. Alikuwa mfupi kuliko nilivyodhani, na hakuwa amejipamba hata kidogo.

"Wewe ndiye Mbak Wuryani."

"Ndiye. Umekuja kunitukana? Ingia, utukane umekaa."

Hakucheka. Aliketi kwenye kiti cha mama, akatazama mihuri ya shaba ukutani. "Anasema ulimtega. Nikamuuliza, alikuwa anafanya nini mpaka akategwa? Hajanijibu mpaka leo."

Nilimmiminia chai.

"Ulijua kwamba mimi ndiye nitakayekivaa kitambaa kile?"

Ningeweza kudanganya. "Nilijua."

"Ukakichora tu."

"Nikakichora."

"Bibi yangu hasemi na mimi. Anasema nimemtangulia kwenye nguo yake. Analia, Mbak. Ana miaka themanini na moja, analia kila siku kwamba mimi nitakufa kabla yake."

Nilikuwa nimeisimulia harusi ile mara nyingi sana, na katika usimulizi wangu bibi alikuwa wa kuchekesha. Nilisikia aibu ikinipanda kutoka miguuni. 

Selvi akafungua begi, akatoa kompyuta mpya, nyembamba, ya rangi ya fedha. "Alinipa siku ya uchumba. Akaniwekea Linux yeye mwenyewe, akaniambia kila kitu kiko tayari. Wiki iliyopita nilimwandikia dada yangu kwamba nataka kurudi nyumbani. Nilimwandikia yeye peke yake. Kesho yake Tunggul ananiuliza akinywa chai, 'Bekasi kuna nini?' Sikuwa nimetamka Bekasi." Akaisukuma mbele yangu. "Watu wanasema siku hizi unajua kutazama. Nitazamie."

Niliandika yale maneno mawili matatu. Ufunguo ulikuwapo. Herufi zilezile, na jina lilelile mwishoni. Tarehe yake ilikuwa ya siku ya uchumba wao. Mimi nilikuwa nimepanga kwa ustadi wangu wote kumpiga Tunggul, na mkono wangu ulikuwa umempata mtu aliyefungiwa humohumo nilimofungiwa mimi.

"Anasoma vyote?" Selvi akauliza.

"Vyote. Barua, picha, vyote. Nisamehe. Naufuta sasa hivi, halafu nakujengea upya, huu wote tunautupa."

Vidole vyangu vilikuwa tayari. Aliweka mkono wake juu ya wangu, mkono wa baridi, akaubana.

"Usiufute."

"Selvi, anakuona humu ndani."

"Najua. Anasoma kila ninachoandika na anakiamini, kwa sababu anafikiri sijui." Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Wewe umemjua miaka sita. Anaogopa nini?"

Nilimwambia: kuitwa mwizi mbele ya watu. Ilinichukua muda mfupi tu, sikuhitaji kufikiri. Selvi alinisikiliza mpaka mwisho, akavuta kompyuta kwake, na akaanza kumwandikia dada yake barua, akijua nani atakayeisoma kwanza.